Mgonjwa wa Mwalimu Hajapona: Hotuba ya Kumtetea (na Kumshtaki) Bob Dylan

Hii ndiyo hotuba niliyoitoa Jumamosi kwenye baraza letu la mashairi na muziki, Dar es Salaam. Mvua iliwazuia wengi, na mmekuwa mkinipigia simu kuulizia kilichosemwa. Nimeiacha kama ilivyotoka mdomoni, na utani wake. Picha nilizotupia ukutani nimeziondoa. Hata waliokuwepo hawakuziona vizuri.

Mwenyekiti, wazee wangu, dada zangu, kaka zangu, na ninyi vijana mliojipanga nyuma karibu na sinia la vitumbua: nawasalimu. Wanaostahili shikamoo, shikamooni. Waliobaki, mambo vipi?

Hoja ya leo mmeisikia. Inasema Bob Dylan, yule mwimbaji wa Kimarekani aliyepewa Nobeli ya fasihi, amesifiwa kupita kiasi. Dada yangu aliyenitangulia ameipigania kama wakili. Amesema mtu huyu hajui kuimba. Amesema ni mwizi. Amesema ni msaliti. Mkapiga makofi, nami nikapiga, mliniona. Sasa ni zamu yangu ya kupinga, na naanza vibaya, kwa kukiri: karibu nusu ya aliyoyasema ni kweli.

Basi nimesimama kufanya nini?

Sikuja kuwashawishi mumpende. Mtu hapendishwi wimbo, kama vile asivyopendishwa mchumba. Nimekuja kuwaomba tubadilishe mizani. Dada ameweka kwenye mizani koo la mtu, tabia ya mtu, utii wa mtu. Mimi nasema mtunzi wa nyimbo hupimwa kwa jinsi nyimbo zake zinavyokwenda vinywani mwa wengine. Nani anaziimba? Wale walioimbwa ndani yake, wanazikubali? Mzani wangu ndio huo, na nawatahadharisha mapema kwamba kuna mahali utamwangusha mtu wangu mwenyewe.

Wapo hapa wasiomjua. Jina lake la kuzaliwa ni Robert Zimmerman. Alizaliwa mwaka 1941 Duluth, jimbo la Minnesota, kaskazini kabisa mwa Marekani, akakulia Hibbing, mji wa machimbo ya chuma. Januari 1961 akaingia New York na gitaa kavu na kinanda cha mdomo. Albamu yake ya kwanza, ya 1962, ilidoda madukani. Ya pili, ya 1963, ikamtoa. Toka hapo kazi yake imekuwa kuwaudhi wale wale waliompenda juzi. Aliacha gitaa kavu akachukua la umeme. Akaenda Nashville kuimba muziki wa wakulima. Akaokoka, akaimba Injili albamu kadhaa, halafu akanyamaza kuhusu wokovu kana kwamba hakuna aliyemwona kanisani. Maonyesho aliyoanza kuyazungusha mwaka 1988 watu waliyabatiza ziara isiyo na mwisho.

Tuanze na koo.

Miaka ya themanini nilikuwa mwalimu kijana Tanga, nimepanga chumba Ngamiani. Mwenye nyumba wangu alikuwa mama mtu mzima aliyewahi kuimba taarab ujanani. Sauti bado alikuwa nayo. Asubuhi akipepeta mchele uani alikuwa akighani taratibu, na majirani walizima redio. Mimi nilikuwa na kanda tatu za Dylan nilizoachiwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Kanada. Usiku nikisahihisha madaftari nilikuwa naziweka, sauti chini, lakini mnajua nyumba za Ngamiani. Ukuta haufichi siri. Usiku wa tatu au wa nne nikasikia hodi. Mama yule amesimama mlangoni na khanga begani, uso wa huruma kabisa. Akaniambia, "Mwalimu, huyo mgonjwa wako hajapata nafuu tu?"

Toka siku hiyo jina la Dylan nyumbani kwetu likawa Mgonjwa. "Mwalimu, Mgonjwa kaamka?" "Mwalimu, leo Mgonjwa ana kifua."

Sasa, jamani, ni kweli hajui kuimba? Mwaka 1969 alitoa albamu iitwayo Nashville Skyline, akaimba kwa sauti laini, nyororo, hata watu wakauliza huyu ni nani. Kumbe laini anayo. Mtu mwenye shati jeupe kabatini akitoka na kaniki, msiseme hana shati. Ile sauti ya puani, ya kukwaruza, aliichagua kwa sababu ya aina ya maneno aliyotaka kuyabeba. Na sisi tunaijua sauti ya namna hiyo. Nani hapa atasimama aseme Bi Kidude alikuwa na sauti tamu? Sauti yake ilikuwa ya magome na moshi wa sigara, na alipofungua mdomo ukumbi mzima ulikaa.

Lakini kuna usiku ambao koo hilo lilimshinda mwenyewe, na usiku huo unatuhusu. Tarehe 28 Januari 1985, Los Angeles, wasanii zaidi ya 40 wamejazana studio moja kurekodi We Are the World kwa ajili ya njaa ya Ethiopia. Usiku umekwenda sana, Stevie Wonder anataka uongezwe mstari wa Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili! Ukazuka ubishi, ikabidi wakumbushwe kwamba Wahabeshi hawasemi Kiswahili, na wazo likafia pale pale. Dylan yuko katikati ya umati ule, na ukitazama filamu ya usiku ule utamwona: macho yamempotea kama mtoto aliyeachwa stendi. Wote wanaomzunguka ni mafundi wa koo. Ilipofika zamu ya mstari wake hakujua auimbe vipi. Mnajua nani alimwokoa? Stevie Wonder yule yule. Alikaa kwenye piano, akamwigizia Dylan sauti ya Dylan, puani, kwa kukwaruza, hadi Dylan akacheka na kukumbuka anavyoimba.

Mimi tukio hilo naliona hivi: kama sauti yako inaweza kuigizwa na mwingine hadi ikurudie, basi una sauti. Wenye koo tamu wako wengi, na wengi wao huwezi kuwatofautisha redioni.

Sasa wizi. Hapa dada alinibana, na sitajifanya hakunibana.

Mwaka 1962 Dylan ana miaka 20, anatunga Blowin' in the Wind. Mahadhi yake yametoka wapi? Yametoka kwenye wimbo wa Weusi waliotoka utumwani, No More Auction Block, wimbo wa mtu anayeapa kwamba hatapandishwa tena mnadani. Sisi wa pwani hatuna haja ya kufafanuliwa mnada. Anayefika Mkunazini pale Unguja anaoneshwa mahali soko lilipokuwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Dylan mwenyewe hakuficha. Mwaka 1978 alisema waziwazi kwamba aliutoa huko.

Mwizi? Ngojeni, tuufuate wimbo. Mwaka 1963 watatu wanaoitwa Peter, Paul and Mary wakauimba, ukaenea Marekani nzima. Ukamfikia Sam Cooke, mwimbaji Mweusi mkubwa kuliko wengi wa wakati ule. Ukamchoma. Alijiuliza inakuwaje kijana wa Kizungu awe wa kwanza kuuliza maswali yale kwa wimbo. Akauimba yeye pia, kisha akakaa akatunga wa kwake, A Change Is Gonna Come, ambao mpaka leo Weusi wa Marekani wanausimamia kama wimbo wa taifa. Mnaona njia? Mahadhi yalitoka kwa Weusi, yakapita kwa kijana wa Kiyahudi wa mji wa machimbo, yakarudi kwa Weusi na ujauzito.

Na sisi je? Nani kati yetu hajacheza harusini wimbo wa taarab ambao mahadhi yake yalishuka na meli kutoka Bombay, kwenye filamu za Kihindi? Tulisema wizi? Tulitunza! Na Malaika ni ya nani? Ya Fadhili William? Ya Adam Salim? Ukitaka kuvunja kikao cha wazee wa muziki, uliza swali hilo, halafu shika kofia yako. (Tena kwa kuwa nimeitaja: Harry Belafonte, aliyeitoa Malaika kwenye santuri pamoja na Miriam Makeba mwaka 1965, ndiye aliyemwita Dylan studio mwaka 1962 ampulizie kinanda cha mdomo kwenye wimbo mmoja, wakati hakuna aliyemjua kijana huyo.)

Hata hivyo dada ana hoja moja ambayo siwezi kuipangusa. Wimbo ulirudi kwa wenyewe, fedha hazikurudi. Desemba 2020 Dylan aliuza haki za nyimbo zake zaidi ya 600 kwa kampuni ya Universal. Ndani ya kapu lile ulikuwamo na wimbo ule, na ndani ya wimbo ule mlikuwamo pumzi za watu walioachwa huru ambao hatuwajui hata majina. Hao hawakupata senti. Sina jibu la hilo.

Na kuazima ni kimoja, kughushi ni kingine. Mshindi wa Nobeli ya fasihi hudaiwa mhadhara. Wa kwake ulitoka Juni 2017, na mwandishi mmoja wa habari akaonyesha kwamba sehemu aliyoizungumzia riwaya ya Moby-Dick ilikuwa na sentensi zinazofanana mno na muhtasari wa intaneti ambao wanafunzi wavivu hunakili usiku wa kuamkia mtihani. Mimi nimesahihisha madaftari miaka zaidi ya 30. Nawajua wanafunzi hao kwa mwandiko. Halafu mwaka 2022 kitabu chake kikauzwa dola 599 nakala moja eti kina sahihi ya mkono wake, kumbe imetiwa na mashine. Aliomba radhi, akasema alikuwa akisumbuliwa na kizunguzungu. Pole yake. Lakini hapo, mwenyekiti, mpeni dada alama zake zote.

Usaliti nitaupitia haraka, kwa sababu ndilo shitaka jepesi kuliko yote.

Tarehe 25 Julai 1965, tamasha la nyimbo za jadi la Newport, Marekani, alipanda na gitaa la umeme na bendi nyuma yake. Wakazomea. Wengine walizomea umeme, wengine vyombo vilivyokuwa vinafunika maneno, wengine ufupi wa onyesho lenyewe. Ubishi wa nani alizomea nini haujaisha hadi leo. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Mei 1966, Manchester, Uingereza, mtu mmoja ukumbini akampigia kelele: "Yuda!" Dylan akajibu kwamba hamwamini, akamwita mwongo, akawageukia wanamuziki wake akawaambia wapige kwa kishindo. Wakapiga.

Waliozomea hawakuwa wajinga. Walikuwa wamempenda. Miaka mitatu nyuma walimwona akiimba kwenye maandamano ya Washington, siku ile ya Martin Luther King, wakadhani sasa ni mtu wao, ataandamana nao mpaka mwisho. Yeye hakuandikisha mkataba huo popote. Ninyi mliokuwa walimu wa Kiswahili miaka ya sabini mnakumbuka Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyo na vina wala mizani. Mnakumbuka yaliyosemwa? Kwamba si mashairi, kwamba ni magazeti yaliyokatwa vipande, kwamba ameiuza jadi. Nami nilisema. Nilisema kwa sauti, nikigonga meza. Leo wajukuu zangu wanamsoma shuleni na hawaelewi babu yao alikuwa anagonga meza kwa nini.

Nobeli yenyewe, Oktoba 2016? Wazungu waligombana wiki nzima kama nyimbo ni fasihi. Mimi ugomvi ule ulinichekesha tu. Kwetu shairi liliwahi kuishi wapi kama si kwenye koo? Tunasema mtunzi wa shairi, mtunzi wa wimbo, neno ni hilo hilo moja. Kilichoniudhi ni yeye kukaa kimya majuma mawili bila kusema asante. Lakini siku ya sherehe Stockholm, tarehe 10 Desemba, hakwenda. Akasimama mwimbaji mwenzake, Patti Smith, kumwimbia A Hard Rain's A-Gonna Fall. Katikati ya ubeti akapotelewa. Mbele ya mfalme! Akasimama, akaomba radhi, akasema ana wasiwasi, akaanza upya. Nendeni mkautazame mkanda ule. Mwenye wimbo hayupo, mwimbaji amesahau maneno, na bado watu wanajifuta machozi.

Sasa nifike ninakotaka kufika.

Februari 1963, hoteli moja ya Baltimore. Kuna karamu. Mhudumu wa kinywaji anaitwa Hattie Carroll, mwanamke Mweusi wa miaka 51, mama wa watoto. Kijana wa miaka 24, William Zantzinger, wa familia ya mashamba ya tumbaku, amelewa, anaona kinywaji chake kinachelewa, anamtukana na kumpiga kwa mkongojo wa kuchezea alioingia nao. Mama yule anazidiwa, anapelekwa hospitali, anafariki saa chache baadaye. Kesi ikaendeshwa, shitaka likapunguzwa kutoka mauaji hadi kuua bila kukusudia. Tarehe 28 Agosti 1963, siku ile ile Dylan anaimba Washington mbele ya umati, mahakama ya Maryland inamhukumu Zantzinger miezi sita.

Miezi sita.

Dylan akatunga wimbo. Una makosa, niseme. Jina la kijana amelikosea herufi. Hakusema mkongojo ulikuwa wa kuchezea, wala kwamba mama alikuwa na shinikizo la damu. Lakini tazameni ufundi. Wimbo mzima hautaji rangi ya mtu. Hakuna "Mweusi", hakuna "Mzungu". Anakueleza mama yule alikuwa anafanya nini: anabeba sahani, anatoa taka, anafuta majivu ya sigara mezani, na kwenye meza ile yeye hakai hata siku moja. Basi. Umeshajua ni nani. Na kila mwisho wa ubeti kiitikio kinawazuia wasikilizaji: msilie kwanza, bado. Kinawazuia hadi hukumu isomwe. Ikishasomwa, ndipo anawaruhusu walie. Anaona machozi ya mtu aliyesikia kifo ni jambo la kawaida. Anayataka machozi ya mtu aliyesikia hukumu.

Usiku mmoja pale Ngamiani umeme umekatika, tumekaa kibarazani, redio yangu ya betri mapajani. Mama mwenye nyumba akasema, "Haya, Mgonjwa anasema nini leo?" Ulikuwa wimbo huo. Nikawa nasimamisha kanda kila ubeti namtafsiria. Kubonyeza, kutafsiri, kubonyeza. Alikuwa anachambua mchicha kwa taa ya kibatari. Nilipofika kwenye miezi sita mikono yake ikasimama. Akakaa. Kisha akasema, "Mwalimu, hiyo si Kijiti?"

Wa Unguja na wa Tanga mmeshanielewa. Kwa wengine: Kijiti ni wimbo wa Siti binti Saad, yule aliyekwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Ni habari ya kweli ya mtu aliyemchukua mwanamke mgeni, mja mzito, akamwua, akatorokea bara. Kesi ikaja mahakama ya kikoloni, na walioadhibiwa ni waliokwenda kutoa ushahidi. Siti hakuandika barua kwa balozi wala kuandamana. Aliitia kesi kwenye taarab, watu wakaipeleka majumbani, na Bi Kidude akaendelea kuiimba miongo mingi baada ya mahakimu wale kuwa udongo.

Mama yule hakujua Kiingereza. Hakuipenda sauti. Baltimore hakuijua iko upande gani wa dunia. Lakini wimbo aliutambua, kama mtu anavyomtambua mtoto wa ndugu yake sokoni kwa paji la uso. Dada yangu, huo ndio ushahidi wangu mkubwa. Sina mwingine unaouzidi.

Ningeishia hapo ningeshinda, eh? Lakini niliwaahidi kuwa mzani ule utamwangusha.

Mimi ni mzaliwa wa Newala. Ukisimama Shimo la Mungu asubuhi, ukungu ukianza kupanda, unaliona bonde la Ruvuma lote na Msumbiji ng'ambo. Utotoni mwetu ng'ambo ile haikuwa mandhari ya kupigia picha. Ndiko walikotoka watu usiku, wamebeba masufuria, kuku na watoto, wanasema lugha ile ile ya bibi yangu. Mmoja wao aliwekwa dawati moja na mimi. Ndege ikipita juu, yeye yuko chini ya dawati, na mwalimu alikuwa anangoja atoke bila kusema neno. Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilizaliwa hapa Dar es Salaam mwaka 1962. Kiongozi wake, Eduardo Mondlane, aliuawa hapa hapa, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, Februari 1969. Na mwaka 1975 Samora Machel akavuka Ruvuma, akaishuka nchi yake nzima hadi Lourenço Marques, Maputo ya leo, na tarehe 25 Juni bendera ikapanda. Sisi wa Newala tulicheza ngoma hadi vumbi likatuingia masikioni.

Sasa nifikirieni Tanga, miaka kama kumi baadaye. Moja ya zile kanda tatu ni Desire, iliyotoka Januari 1976. Nasoma majina ya nyimbo kwenye karatasi ya kasha, naona: Mozambique. Moyo ukaruka. Nikaizungusha kanda kwa kalamu ya Bic ili nisile betri, nikaufikia, nikakaa kitako. Nilingoja Samora. Nilingoja mto. Nilingoja angalau mtu mmoja mwenye sufuria kichwani.

Fidla ikaingia, nzuri sana. Jua. Bahari. Anga la samawati. Wapenzi wanacheza shavu kwa shavu. Mtalii anatamani kukaa wiki moja mbili. Dakika tatu, kanda ikaendelea na wimbo mwingine.

Wanaomtetea husema mwishoni anataja watu wanaoishi huru ufukweni, kwa hiyo uhuru upo. Upo, kama chumvi iliyodondoka. Inasimuliwa pia kwamba yeye na mwenzake Jacques Levy walianza kwa mchezo wa kutafuta maneno yanayotoa kina kimoja na jina la nchi ile. Mwanafunzi wangu akiniletea hilo nampa sifuri: ametafuta kina, amepoteza nchi. Waliurekodi Julai 1975, bendera haijamaliza hata mwezi na nusu! Mtu yule yule aliyeweza kumwona mama wa Baltimore akifuta majivu mezani, hapa hakumwona mtu hata mmoja.

Na mzani wangu? Nani anauimba? Sijapata kumsikia Mmakonde, wa huku wala wa ng'ambo, akiuimba.

Lakini nisiwafiche kilichotokea. Usiku ule, wimbo ulipokwisha, nikasikia sauti kutoka uani. "Mwalimu! Leo Mgonjwa kapona! Rudia huo!" Mama mwenye nyumba alikuwa ameupenda. Sauti imetulia, fidla inalia kama ya taarab, mwili unataka kutikisika. Nikarudia. Akacheza kidogo na ungo wake mkononi. Kisha akauliza, kama kawaida yake, "Anasema nini?"

Nikamwambia. Jua, bahari, shavu kwa shavu. Akauliza, "Na nyie mliokimbiliwa, hamumo?" Nikasema hatumo. Akauweka ungo chini.

"Basi niwekee ule wa mtumishi."

Mwenyekiti, kura ipigwe baada ya chai kama ilivyopangwa. Kabla ya hapo naomba dakika sita tu. Nimeuleta wimbo wa mtumishi kwenye simu, na fundi mitambo ameshauunganisha kwenye maspika. Nitakuwa nasimama kila ubeti kuwatafsiria, kama nilivyofanya kibarazani. Anayeshindwa na koo la mtu huyu aangalie sakafu, sitaudhika. Fundi, weka. Ongeza kidogo, nyuma hawasikii.